Wembe Mlangoni: Uzinduzi wa Tatu wa Huduma ya Kunyoa Wazee Majumbani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa ametoa udhuru asubuhi hii nimejiteua kumwakilisha, kwa hiyo najisalimu mwenyewe kwa heshima zote; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Nywele; Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Ndevu, Masharubu na Mengineyo; ndugu wajumbe; ndugu wadau; ndugu mliosimama nyuma kwa sababu viti vya mbele vimebandikwa majina ya watu wasiokuja; na zaidi ya yote, wazee wetu, hazina yetu, mvi zetu: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Bibi mmoja anauliza kama soda zinatoka kabla ya hotuba au baada.)

Baada, mama. (Vicheko.)

Ndugu zangu, leo tunazindua, kwa mara ya tatu, Programu Jumuishi ya Unyoaji, Uchanaji na Utunzaji wa Kichwa cha Mzee Ngazi ya Kaya, kwa kifupi Wembe Mlangoni, programu ambayo imepitia upembuzi yakinifu, upembuzi wa ule upembuzi, warsha nne, semina elekezi mbili, na ziara moja ya mafunzo ambako mimi binafsi nilinyolewa mara sita ili nijionee changamoto za walengwa. Nilirudi shingo inawaka moto, na sikulalamika, kwa sababu uongozi ni kujitoa. (Makofi machache. Mtu mmoja anasema: "Pole.") Nimeshapoa, asante.

Sasa tuje kwenye takwimu, maana takwimu hazina shemeji. Hadi kufikia jana jioni, kwa mujibu wa mfumo wetu wa kidijitali, ambao ni daftari lakini limepigwa picha, tumewafikia wazee elfu nne mia tatu na kumi na wawili, sawa na asilimia mia moja na tisa ya lengo, maana yake tumenyoa mpaka watu ambao bado hawajazeeka. (Mluzi.) Naona mkono kule katikati. Maswali yana muda wake, lakini mkono wenyewe unatikisika, sijui ni swali au ni salamu.

(Sauti: "Unatikisika hivyo hivyo kila siku.")

Ahaa, ni Babu Saa. Kwa faida ya wageni, Babu Saa ni fundi saa mstaafu, na hakuna saa katika mji huu ambayo hakuwahi kuifungua tumbo; lakini mikono ile iliyokuwa ikishika skrubu usizoweza kuziona kwa macho, leo kikombe cha chai hakifiki mdomoni bila nusu kumwagika, sembuse wembe. Huyu sasa ndiye mlengwa wetu hasa, nambari mia mbili na saba kwenye rejista. Babu, simama wakuone ulivyonufaika. (Babu Saa anasimama. Ndevu zimefika kifuani. Ukumbi unapasuka kwa kicheko.)

Tulieni, jamani. Rejista inasema Babu amenyolewa mara kumi na moja. Ndevu zina msimamo wao. Katika utawala bora, panapotokea mgongano kati ya ndevu na rejista, tunaanza kwa kuzihoji ndevu. (Vicheko.) Babu anasema, kwa wale wasiosikia, kwamba karani wetu alifika kwake mara kumi na moja kweli, akampima ndevu kwa rula, akaandika sentimita, akamchovya kidole gumba kwenye wino, akaaga kwa adabu na kwenda zake. Sawasawa kabisa. Huo ndio utaratibu. Mzee huhesabiwa kuwa amenyolewa siku fomu yake inapogongwa muhuri, kwa sababu warsha ya tatu ilibaini kwamba muhuri haujawahi kumkata mtu.

Una jingine, Babu? Fupisha. Anasema mkewe ndiye aliyekuwa akimnyoa, miaka arobaini na ushee, kila Jumamosi asubuhi, uani, yeye amekaa kwenye kigoda na mama amesimama nyuma yake, mpaka macho ya mama yakaingia ukungu akawa anamtambua mumewe kwa kikohozi. Sasa mama amefanyiwa upasuaji wa macho. Bandeji zinatolewa kesho saa nne asubuhi, na Babu ndiye atakayekuwa amekaa mbele yake. Babu anasema, na iingie kwenye kumbukumbu: "Hajaniona mwaka mmoja na nusu. Sitaki afumbue macho aone mgeni."



Hoja hiyo ni nzito, Babu, na mimi ni mtu wa huruma, kwa hiyo naielekeza kwa Kamati Ndogo, itakayoketi ndani ya siku tisini. (Ukumbi unazomea.) Sitini. (Ukumbi unazomea zaidi, na fimbo zinagonga sakafu.) Basi leo. Mbona hamkusema mapema? Kwa bahati nzuri tulishapanga onyesho la vitendo. Namwomba Mtaalamu wa Wembe Daraja la Kwanza ajitokeze. (Mwanamume mwenye koti jeupe anatoka nyuma ya pazia. Sauti: "Si dereva wako huyu?")

Mtu haruhusiwi kuwa na vipaji viwili? Dereva, vua miwani ya jua. Fungua begi la vifaa, wananchi wajionee uwekezaji. (Dereva anafungua begi. Zinatoka kalenda za programu, fulana tatu, na kalenda nyingine.) Kama mnavyoona, vifaa vinakuja kwa awamu. Awamu ya kwanza ni uhamasishaji, wembe uko awamu ya pili. (Dereva anamnong'oneza Mheshimiwa.) Dereva ananikumbusha kwamba yeye mwenyewe hunyolewa na mkewe. Asante kwa taarifa, ungeweza kuiacha. (Vicheko. Babu Saa naye anacheka, kisha anakaa, anaziangalia ndevu zake.)

Mama wa kule nyuma, naomba usipite mbele, bado tuko kwenye ratiba. Anaitwa nani? Shangazi Kitana, msusi mstaafu, aliyekuwa na saluni pale kona. Heshima yako, Shangazi, lakini mkoba huo haujasajiliwa na programu. (Shangazi Kitana anapanda jukwaani, anamshika Babu Saa mkono, anamketisha kwenye kiti cha mgeni rasmi.) Hicho ni kiti changu. Kaa, Babu. Anataka maji. Shangazi, haya ni maji ya kunywa ya meza kuu. (Ukumbi unazomea.) Chukua. Anataka na kitambaa. Chukua hicho cha mezani, maua weka chini.

Ndugu wananchi, wakati huduma inaendelea, naomba nieleze dira yetu ya miaka kumi. Mnaona kwanza anapunguza kwa mkasi, kisha sabuni, anaiacha ili ndevu zilainike, kisha ngozi anaivuta kwa kidole iwe sawa ndipo wembe unapita, taratibu, kufuata ndevu zinavyolala. Hayo yote yamo kwenye mwongozo wetu, ukurasa wa arobaini, mara tu utakapoandikwa. Dira inasema ifikapo mwaka wa tano asilimia mia mbili ya wazee... Nini, Shangazi? Anasema ninyamaze. Anasema kila nikitaja asilimia Babu anacheka, na akicheka tena wembe utamkata koo. (Mheshimiwa ananyamaza dakika sita. Katika kumbukumbu za ofisi haijawahi kutokea. Unasikika mkwaruzo wa wembe tu.)

Loo. Babu, kumbe una kishimo kidevuni. (Vigelegele.) Anauliza kama mnamtambua. (Wazee kwa pamoja: "Tunakutambua." Bibi mmoja: "Ni wewe kabisa, na masikio yako yale yale.") Haya, Babu, usilie, utachuruzikia kitambaa cha meza kuu. Kesho saa nne atakuona, na ni wewe. Nimefurahi mno, wananchi, nakiri, nimefurahi kama mradi ni wa kweli.

Kwa hiyo tufunge kwa kaulimbiu. Nikisema Wembe, mjibu Mlangoni. Wembe! (Ukumbi: "Uko wapi?") Hapana, Mlangoni. Rudieni. Wembe! (Ukumbi: "Wa Shangazi!") Haya, hiyo nayo tutaifanyia kazi.

Nawashukuru vinyozi wetu mia moja na ishirini, ambao kama wangekuwa wameajiriwa nina hakika wangechapa kazi. Nalishukuru gari la huduma, ambalo mnaweza kuliona kwenye kalenda, mwezi wa tano. Nakushukuru wewe Babu kwa kuwa mlengwa wa kwanza kunyolewa, na nikisema wa kwanza nina maana wa kwanza, na programu iliyokunyoa ni mkoba wa Shangazi. Hakuna nyingine. Haikuwahi kuwapo nyingine. (Kicheko kirefu, cha upole.)

Shangazi, usifunge mkoba. Kuna jambo moja halimo kwenye karatasi hii. Nambari moja katika ile rejista ni mama yangu mzazi. Jina nililiandika mimi, na muhuri niligonga mimi. Tangu aanguke bafuni nywele zake hazijachanwa, zimejisokota, nikizigusa anaumia na mimi sijui hata pa kuanzia. Kila asubuhi namwambia leo watakuja, kwa hiyo anahamisha kiti chake, anakaa mlangoni kuwasubiri. Nakuomba, Shangazi, tukitoka hapa twende nyumbani, beseni nitabeba mimi.

(Shangazi Kitana anafuta wembe. Anasema: "Mpigie simu. Mwambie abaki hapo hapo mlangoni, ndipo penye mwanga.")