Kamati ya Kuondoa Waya

Tunayo furaha kutangaza, sisi wa Mupandira, kwamba waya umekwisha. Sisemi waya wa umeme, maana huo una wenyewe, na mara nyingi hauna umeme ndani. Wala sisemi waya wa kuanikia nguo. Nasema waya wa gitaa la besi, ule mweusi unaotoka kwenye gitaa kwenda kwenye spika, ambao kwa miaka mingi umerudisha nyuma maendeleo ya mji wetu bila hatua kuchukuliwa. Sasa hatua imechukuliwa. Mimi nilikuwepo.

Nilikuwepo kama mjumbe. Kazi yangu ya siku zote ni kukata tiketi mlangoni katika Kilabu cha Takura, ambako bendi ya halmashauri hupiga sungura, muziki wetu wa magitaa, kila mwisho wa wiki. Kanuni ilidai Kamati iwe na mwanamke mmoja, kijana mmoja na mwananchi wa kawaida mmoja. Mkurugenzi wa Mji akaona kwamba mimi ni vyote hivyo kwa mpigo, na kwamba kwa kuniteua mimi peke yangu halmashauri ingeokoa viti. Mji unaendeshwa kwa akili.

Chanzo cha Kamati kilikuwa Sikukuu ya Uhuru. Kwetu, bendi ikikolea, mkubwa hakai. Anainuka, anafunga vifungo vya koti, anasogea mbele na kucheza kidogo ili watu waone kwamba naye ana viungo. Mkurugenzi wetu, Bwana Ignatius Mutembwa, aliinuka siku hiyo, akapitiliza, akapanda jukwaani kabisa. Wakati huohuo mpiga besi wetu, Fanuel Chigariro, alikuwa naye anacheza, maana mpiga besi wa sungura akisimama wima watu wanamuuliza anaumwa nini. Waya ukapita huku, mguu wa Mkurugenzi ukapita hukohuko. Taarifa rasmi inasema kwamba Mkurugenzi "alifanya kikao cha dharura ndani ya dramu". Watu walicheka, lakini kicheko hicho hakikuwa rasmi.

Kesho yake Fanuel akaitwa ofisini. Sisi wote tunamwita Mhofu, kwa jina la ukoo wake, yaani mbunju, yule swala mkubwa. Mkurugenzi ni wa ukoo wa Shumba, yaani simba, na asubuhi ile hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

"Mhofu, umemtega kiongozi."

"Shumba, waya ulikuwa pale tangu asubuhi. Mguu ndio uliokuja."

"Unaona? Hata kujuta hujui."

Mhofu akawekwa chini ya uangalizi. Naibu Waziri alikuwa anakuja kuzindua vyoo vipya vya stendi. Siku hiyo Mhofu apige bila waya, sauti isikatike, na wananchi wafurahi. Kimojawapo kikikosekana, kazi hana, na nyumba ya halmashauri anayoishi na mkewe na watoto anaiachia. Mkurugenzi alikuwa ameshapata mtu wa kuingia: mpwa wake, kijana ambaye kupiga besi hajui lakini ameitazama sana. Godoro la mpwa lilikuwa limeshafika barazani kwa Mhofu, limeegemezwa ukutani, ili makabidhiano yasichelewe. Mkewe Mhofu alikuwa analizunguka kila akienda kuchota maji.

Ndipo Kamati ikaundwa. Mwenyekiti, Mkurugenzi mwenyewe. Mhazini, Mai Mavhunga. Mkuu wa ulinzi, Bwana Gwatidzo, mtu wa kanuni mpaka kwenye kucha. Mimi nikawa wananchi. Mhofu aliruhusiwa kuhudhuria kama kielelezo.

Muuzaji mmoja akaja kutoka Harare na mitambo ya namna tatu. Akaeleza vizuri: kuna kipande kinakaa kwenye gitaa au kwa mpigaji, kinarusha sauti hewani, kuna kingine kinakaa kwenye spika, kinaidaka. Basi.

Gwatidzo akanyoosha mkono. "Ikiwa hewani, sauti hiyo ni ya nani?"

"Ya mpigaji," alisema muuzaji.

"Na ikivuka mpaka ikaingia halmashauri ya jirani?"

"Haifiki huko, baba. Inafika ukumbi mzima tu."

"Leo haifiki," alisema Gwatidzo, akaandika.

Mai Mavhunga yeye aliona jambo lililotupita wote. Kile kidaka sauti kilikuwa na waya wa kuchomeka ukutani. Akauliza kitu chenye waya kinawezaje kuitwa hakina waya. Tulijadili hilo mpaka chai ikaja, ikanywewa, na vikombe vikarudishwa. Tukaamua kwamba waya wa ukutani ni waya wa taifa na hauko chini ya mamlaka yetu.

Mtambo wa kwanza ulikuwa kidude kidogo cha kuchomeka kwenye gitaa, kama hereni. Mhofu akapiga, sauti ikatoka safi, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Uso wake ukafunguka kidogo. Halafu ikafika saa ya mapumziko, maofisa wote wakafungua simu zao, na besi ikaanza kushikwa na kwikwi.

"Inagombana na waifai ya ofisi," alisema Mhofu. "Wanapita njia moja. Hapa ofisini ni hivi, je, stendi, ambako kila mtu ana simu?"

"Kwa hiyo besi inavuruga intaneti ya halmashauri," alisema Mkurugenzi.

"Hapana, Shumba, intaneti ndiyo inavuruga..."

"Andika," alimwambia Gwatidzo. "Besi inavuruga intaneti."

Mtambo wa pili ulikuwa na antena nyingi na taa za rangi, na Kamati ilivutiwa nao kabla haujawashwa. Ulipowashwa Mhofu akagusa uzi mnene, ule wa sauti ya chini kabisa, unaotakiwa kukushika tumboni. Kilichotoka kilikuwa mlio wa mbuzi aliye mbali. Tena ulichelewa.

"Unakula sauti ya chini," alisema Mhofu. "Halafu sikilizeni. Mimi napiga sasa, yenyewe inakuja ikiwa imeshapitia dukani. Mpiga dramu atanitupia fimbo."

"Inachelewa kiasi gani?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kidogo tu, lakini kwenye besi kidogo ndiyo kila kitu."

"Ucheleweshaji wa kiasi hicho," alisema Mkurugenzi, "uko ndani ya viwango vya halmashauri."

Nilimwona Mhofu akitazama chini. Nyumba yake ilikuwa inapigiwa kura na watu wanaopenda taa.

Mtambo wa tatu haukuwa na taa. Ulikuwa kikasha cha kiunoni, na kutoka kwenye kikasha kuna kiwaya kifupi, hatua moja hivi, kinachoingia kwenye gitaa. Mhofu akakifunga, akagusa uzi mnene. Vikombe vikatetemeka sahanini. Mai Mavhunga akashika kifua. Nje, fundi aliyekuwa juu ya paa akauliza kuna nini.

"Huu," alisema Mhofu.

Kamati ikauchagua kwa kauli moja. Siyo kwa ajili ya vikombe. Muuzaji alipotaka kuufungasha alitoa sanduku jeusi la chuma, lenye kufuli na sponji ndani, na Kamati nzima ikasogeza viti. Kitu kingine pekee cha halmashauri chenye sanduku la namna hiyo ni mkufu wa Meya.

Hapo ndipo mambo yakapangwa kitaalamu. Kwa kuwa kikasha kina sanduku kama mkufu, nacho ni mali ya daraja la kwanza. Mali ya daraja la kwanza haifungwi kwenye kiuno cha mtumishi aliye chini ya uangalizi. Inavaliwa na ofisa mkuu, na ikiwa mbele ya umma haivuliwi hata kwa sababu gani mpaka mgeni rasmi aondoke. Gwatidzo akapewa kusimamia.

"Ofisa mkuu yupi?" aliuliza Mai Mavhunga.

Mkurugenzi akarekebisha tai. "Mzigo huu nitaubeba mwenyewe."

Mhofu akaona njia inapoelekea. "Shumba, kiwaya hiki ni kifupi. Kikasha kikiwa kiunoni kwako, mimi nitacheza vipi?"

"Hutacheza. Utasimama kando yangu kwa heshima. Tatizo la kucheza si ndilo lililotuleta hapa?"

Mimi nakata tiketi, nawajua wateja wa sungura. Mpiga besi asiposogea, wanadai kiingilio chao. Mkurugenzi naye alilijua hilo, maana alitoka kikaoni akipiga mluzi, na jioni hiyo kitanda cha mpwa kikafuata godoro.

Siku ya vyoo ikafika. Stendi ilijaa: wapiga debe, akina mama wa mahindi ya kuchoma, abiria walioacha mabasi yao yaondoke. Naibu Waziri akakata utepe, akaingia, akatoka, tukapiga makofi. Kisha bendi. Mkurugenzi akapanda jukwaani katika suti ya kijivu, kikasha mkandani, kiwaya kikitoka kiunoni kwake kwenda kwenye gitaa la Mhofu. Kwa mbali walionekana kama mtu na ng'ombe wake, ila hukuweza kusema nani ni nani.

Wimbo wa kwanza Mhofu alisimama. Sauti ilikuwa nzuri ajabu, mabati ya vyoo yalikuwa yanaitikia. Lakini watu walikunja mikono.

"Mhofu, huyo ni mkwe? Amekushika mpaka umalize mahari?" alipiga kelele mpiga debe mmoja.

"Mwacheni, anapelekwa rumande," alisema mwingine.

"Sogea basi kaka, hata kidogo. Tumekuja kuona besi, hatukuja msibani."

Wimbo ukaisha kwa makofi mawili matatu ya huruma. Mkurugenzi alitazama mbele kama sanamu, anatabasamu. Mkewe Mhofu alikuwa karibu na mlango wa kilabu, kinachopakana na stendi, mtoto mgongoni, na alikuwa ameacha kumbembeleza.

Wimbo wa pili una mahali ambapo magitaa yote yananyamaza na besi inabaki peke yake, inaongea. Pale kila mpiga besi wa nchi hii hushuka chini kwa magoti. Nilimwona Mhofu akimtazama mkewe. Kisha akasogeza mguu hatua mbili kulia.

Mkurugenzi naye akaenda hatua mbili kulia. Hakuwa na namna.

"Mhofu, simama," alisema kwa meno.

"Shumba, mkataba wangu unasema watu wafurahi."

"Nakuamuru."

"Basi chomoa. Mtunzaji ni wewe."

Mkono wa Mkurugenzi ukaenda kwenye mkanda. Gwatidzo, chini ya jukwaa, akakohoa kwa adabu. "Samahani Shumba. Mgeni rasmi bado yupo."

Mhofu akaenda kushoto, Mkurugenzi kushoto. Mhofu akazunguka, Mkurugenzi akazunguka kwa nje, mbio kidogo, maana wa nje ana njia ndefu. Mhofu akashuka kwa magoti, na kiwaya kikashuka, na suti ya kijivu ikashuka nacho. Stendi ikalipuka. Akina mama waliacha mahindi yaungue. Hapo Mkurugenzi akafanya jambo ambalo mimi, kama mjumbe, naliona ni la uongozi: alielewa kwamba anayevutwa anachekwa, lakini anayecheza anashangiliwa. Akaanza kucheza. Akatikisa mabega. Akatoa leso, akaipunga.

Naibu Waziri akamwinamia Mai Mavhunga. "Yule mcheza shoo wa suti mmemtoa wapi?"

"Ndiye Mkurugenzi wa Mji, Mheshimiwa."

"Namaanisha yule aliyefungwa kwenye gitaa."

"Ndiye huyohuyo."

Naibu Waziri akatazama tena jukwaani. Kisha akainuka, akafunga vifungo vya koti, akaomba kipaza sauti. "Nimezunguka nchi hii nikitafuta kiongozi anayemfuata mwananchi," alisema. "Leo nimemwona. Anamfuata kwa hatua moja." Akaagiza palepale kwamba bendi ya Mupandira izunguke wilaya zote kuonyesha mfano huo, na kwamba mpangilio usibadilishwe hata kidogo. Watu walishangilia mpaka jenereta ikawa haisikiki. Mkurugenzi alisema ni heshima kubwa. Alisema hivyo akiwa bado amepiga goti, kwa sababu Mhofu alikuwa hajainuka.

Halmashauri ikakaa wiki iliyofuata kutekeleza. Likazuka swali la nani yuko chini ya nani. Gwatidzo akasoma kanuni na kutoa uamuzi: kwenye msafara anayetangulia ndiye mkubwa, anayefuata ndiye mdogo, na ushahidi ni stendi nzima. Kikaanzishwa Kitengo cha Besi. Mkuu wa Kitengo, Fanuel Chigariro. Mtunzaji wa Kikasha, Ignatius Mutembwa. Mai Mavhunga anakaimu ofisi kubwa na ameshabadilisha mapazia.

Suala la kumwachisha Mhofu kazi bado liko mezani, nisiwadanganye. Linasubiri saini ya Mkurugenzi. Lakini Mkurugenzi, ili aende ofisini kutia saini, anahitaji ruhusa ya Mkuu wa Kitengo, na Mkuu wa Kitengo ana mazoezi.

Jana nilipita ukumbini kupeleka vitabu vya tiketi. Walikuwa katikati ya wimbo. Mkurugenzi alinyoosha mkono, kama mtu aliyeko kwenye kikao.

"Mhofu, mgongo wangu. Naomba tupumzike."

Mhofu alifikiri. Hana roho mbaya. "Tutapumzika, Shumba," alisema, akarudisha vidole kwenye uzi mnene. "Turudie kwanza. Na safari hii goti liguse sakafu."