Kila Mtoto na Jibu Lake

Jumatatu, tarehe 4

Habari kubwa! Mwalimu Mkuu katuita ofisini, mimi na Madam Chati. Sisi ndio wasaidizi wa darasa la awali: yeye mkondo A, mimi mkondo B. (Madam Chati ni jina nililompa mimi. Ana chati za kila kitu ukutani. Siku moja atabandika chati ya kuonyesha chati zilipo.)

Mwalimu Mkuu akasema chuo kikuu kimeungana na shule za vijijini kama yetu. Alhamisi mhadhiri anakuja kutuangalia tukifundisha. Watakaofaa watasomeshwa na chuo mwaka mzima, Jumamosi na likizo, mpaka wapate cheti. Na asiye kwenye mafunzo, muhula ujao hashiki chaki.

Mimi niliishia kidato cha pili! Na wale watoto wangu kumi na wanane, nani atawafunga kamba za viatu?

Tukitoka, Madam Chati akanishika bega. Akasema pole shoga, wewe bado mdogo, nafasi zitakuja nyingine. Pole ya nini? Msiba uko wapi?

Jumanne, tarehe 5

Nimepata mpango! Umenijia nikifua nepi za Bosi. (Bosi ni binti yangu, miezi minane, meno mawili, amri elfu.)

Mpango wenyewe: watoto kumi na wanane, maswali kumi na manane. Kila mtoto na jibu lake moja tu. Siyo mawili, atachanganya. Nitauliza kwa kufuata madawati, kuanzia mlangoni hadi dirishani. Wa kwanza: leo ni siku gani? Alhamisi! Wa pili: ng'ombe ana miguu mingapi? Minne! Wa tatu: tunanawa mikono kwa kitu gani? Sabuni! Mpaka kengele ilie. Mhadhiri atadhani kaingia kwenye darasa la mawaziri.

Nimemweleza mama mkwe. Akasema mwanangu, si ungewafundisha tu? Nikamwambia mama, siku ni mbili!

Jumatano, tarehe 6

Mazoezi mara nane. Mara ya nane hakuna aliyekosea. Nilitaka kulia kwa furaha. Watoto wenyewe wameyashika sana majibu yao. Mmoja kaenda chooni akiimba "Tano, tano, tano." Mwingine, mama yake kamuuliza nje ya geti kama amekula, akamjibu "Sabuni."

Madam Chati kapita dirishani mara tatu. Akaniambia ukuta wangu uko mtupu kama nyumba ya mtu aliyehama. Nikamwambia mimi chati zangu zinatembea kwa miguu. Akaondoka na midomo mirefu. Moja bila!

Nimepiga pasi sketi. Bosi kaitapikia. Nimepiga pasi gauni.

Alhamisi, tarehe 7

Mhadhiri alikuja saa tatu. Mama wa makamo, viatu vya chini, sauti ya upole. Nikajisemea huyu ni mwepesi. Akasalimia watoto, akatazama madawati, akasema kwa upole uleule kwamba yeye hupenda watoto wakae duara, chini. Kabla sijafungua mdomo, watoto wenyewe walikuwa wanasukuma madawati! Wanapenda sana kusukuma madawati.

Duara! Duara halina mlangoni wala dirishani. Nikatazama zile sura kumi na nane zimechanganyika kama maharage kwenye ungo.

Nikajikaza. Nikauliza leo ni siku gani. Aliyekaa mbele yangu akasimama wima, kifua mbele: "Maziwa!" Nikacheka kidogo, nikahamia kwa jirani yake: ng'ombe ana miguu mingapi? "Alhamisi!" Sauti safi kabisa. Jibu zuri kabisa. Ila si la ng'ombe.

Mhadhiri akaona anisaidie, akauliza mwenyewe. Akamwuliza mmoja mwalimu wenu anaitwa nani. "Sabuni." Akamgeukia binti mmoja mpole, akamwuliza mama yako anafanya kazi gani. "Minne," akasema. Kisha akaona jibu ni fupi, akaongeza: "Ana miguu minne."

Madam Chati alikuwa dirishani. Alilazimika kushika ukuta.

Kengele ikalia. Watoto wakatoka, isipokuwa mmoja aliyekataa kwenda kucheza. Analia kwamba hajaulizwa, na yeye ana Tano yake. Mhadhiri akainama, akamwuliza mbili na tatu ni ngapi. "Tano!" Mtoto akaondoka anaruka.

Tukabaki wawili. Mhadhiri akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kidevuni. Akasema dada, hebu niambie, hapa ulipanga nini? Nikatafuta uongo. Homa? Minyoo? Hakuna uliofaa. Nikasema yote.

Hakunikaripia. Akauliza tu: kwa nini yule nimempa "sabuni" na siyo "minne"? Nikamwambia mama, yule ana kigugumizi, hukwama kwenye M, si ningemtesa? Na yule wa Maziwa? Huyo hafungui mdomo pacha wake asipokuwa karibu, ndiyo maana nikamweka nyuma ya pacha wake. Na yule wa dawati la dirishani? Huyo ubao haoni, hukunja uso, nikampa swali la kusikia tu. Nikaendelea hivyo mpaka wa kumi na nane. Yeye anaandika. Kurasa tatu! Nikajua ni kurasa za makosa.

Akaniaga, akaenda mkondo A. Huko nikasikia wanaimba chati nzima bila kosa.

Nimerudi nyumbani nimemkumbatia Bosi mpaka akanisukuma. Mama mkwe alichukua ndoo, akaenda kuteka maji yaliyokuwa zamu yangu.

Ijumaa, tarehe 8

NIMEPITA! Nimepita, nimepita, nimepita!

Mwalimu Mkuu katuita ofisini. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumwachia atakayeshika darasa langu, kwamba yule wa kigugumizi asiharakishwe, na wa kamba za viatu afungwe mara mbili. Mwalimu Mkuu akasema mhadhiri kapiga simu. Somo langu, kwa maneno yake, lilikuwa vurugu tupu. Lakini hajaona msaidizi anayewajua watoto wake mmoja mmoja namna ile, na kufundisha chuo kitanifundisha, hiyo ni kazi yao. Tena wanaleta mtu wa kupima macho. Wa dirishani wa kwanza.

Nilikaa juu ya boksi la chaki, likabonyea. Mwalimu Mkuu akasema haidhuru. Nikashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Nikamkumbatia mpaka Madam Chati! Ndipo nikaambiwa na yeye amepita. Nikamwachia. Ila mhadhiri kamwagiza akija Jumamosi asibebe chati, na mimi sina kinyongo tena na mtu yeyote.

Mama mkwe kasema Jumamosi zote Bosi ni wake. Kisha akasema, si nilikwambia uwafundishe tu? Nikamwambia kweli mama. Mipango basi. Nimekoma.

Jumatatu, tarehe 11

Ujumbe kutoka chuoni. Jumamosi ya kwanza, kila msaidizi aje na maelezo ya kweli ya somo lake lililoharibika, tujadiliane. Tena mhadhiri atarudi darasani wiki hii, angependa kuona jinsi watoto wanavyokosea.

Nimefikiri. Lile la Alhamisi limeharibika mno, ni aibu kulipeleka mbele za watu. Linatakiwa somo lililoharibika kwa mpangilio. Kwa hiyo leo nimewapa watoto makosa. Kila mtoto na kosa lake moja. Mbili na mbili, saba. Jua ni la bluu. Kuku ana pembe. Makosa mazuri, ya wastani, yanayojadilika.

Mazoezi mara sita. Balaa! Kila ninayemwuliza anajibu sawasawa. Wote kumi na wanane! Hata maswali ya wenzao!

Kesho lazima niwe mkali.