Ambreyaji yangu imekimbiza mtaa mzima

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe, mbele ya wanajeshi na mbele ya nusu ya mtaa wetu wa Nyamianda. Naandika upesi kabla jirani yangu hajaandika, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnajua mama mkwe yuko kwangu tangu alipokimbia vita Kamanyola. Binti yake mwingine, shemeji yangu, yuko Baraka, ni mjamzito, siku zake zimefika, na mama anataka kumpokea mjukuu kwa mikono yake. Boti ya kwenda huko ilikuwa iondoke leo mchana pale bandarini Kalundu. Ya kesho hakuna anayeijua, kwa hali hii ambayo tunalala na viatu miguuni, tayari kukimbia.

Mke wangu Furaha alisema tuite pikipiki. Nikakataa. Gari ninayo, na ambreyaji, yaani klachi, nimeibadilisha mwenyewe jana. (Nauza vipuri vya pikipiki, kwa hiyo najiona fundi wa kila kitu chenye mafuta.) Kusema kweli nilitaka mama mkwe anione. Tangu nimuoe binti yake hajanisifu hata siku moja.

Asubuhi nawasha. Nakanyaga pedali ya ambreyaji mpaka inapogota, natia gia ya kwanza. Gia inapiga mayowe. Naachia, nakanyaga tena. Safari hii inaingia, lakini gari inaanza kutambaa na mguu wangu bado umekandamiza pedali. Yaani injini na magurudumu vimekataa kuachana.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Nikizima injini, gia zote zinaingia laini. Nikiwasha, mayowe. Nikadhani kuna hewa kwenye mafuta ya ambreyaji, nikaitoa. Bado. Nikalala chini ya gari, nikarefusha kile kifimbo kinachosukuma ambreyaji. Bado. Nikaanza kuwaza labda ile disiki mpya nimeiweka nyuma mbele, na kuifungua tena ni kazi ya siku nzima. Grisi mpaka masikioni. Mama mkwe amekaa barazani na mizigo yake. Yeye ni mtu wa zamani, hasemi na mkwe moja kwa moja, kila neno linapitia kwa Furaha.

"Furaha, ambia bwana yako boti haitatungoya."

"Papa Neema," Furaha akaniambia, "mama anasema..."

"Nimesikia."

Ndipo nikapata akili (wakati ule niliiita akili). Niiweke gari kwenye gia ya kwanza ikiwa imezimwa, niwashe hivyo hivyo, iruke, iende, halafu nisisimame popote mpaka Kalundu. Nikitaka kusimama, nazima injini. Tatizo liko wapi?

Tukaondoka, godoro la mama juu ya paa, mkono wangu kwenye honi. Gia ya kwanza haina mwendo, ina kelele tu. Tulipofika penye wachuuzi, watu walikuwa wamejaa barabarani. Nikatoa kichwa dirishani.

"Mutoke mu njia! Mutoke! Haisimame!"

Sasa fikirieni. Mnamwona mtu mnayemfahamu, mke pembeni, mama mkwe nyuma, godoro juu, injini inalia, naye anapiga kelele watu watoke. Hapa Uvira hakuna anayebaki kuuliza. Muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, akajitwika beseni lake na kuanza kukimbia. Jirani yake akamfuata. Kinyozi akatoka mbio, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja.

Mimi sikuwa na habari. Nilipotazama kioo, nikaona mtaa mzima unakuja na mbuzi, masufuria na watoto mgongoni. Nikajua vita vimeingia mjini.

"Furaha, yameanza."

"Nini?"

"Angalia nyuma."

Akaangalia, akaanza kusali. Nikakandamiza mafuta. Na wao, kuona nimekandamiza mafuta, wakaongeza mbio. (Ndiyo. Niliwakimbia watu waliokuwa wakinifuata mimi.)

Mbele kuna kizuizi cha wanajeshi. Hapo nikasahau kuzima injini. Mguu ukaenda kwenye ambreyaji kama kawaida, gari ikaendelea kusukuma, ikakata kamba yao, nikakanyaga breki kwa nguvu zote, ikazimika mbele ya magoti ya mwanajeshi. Yeye alikuwa ameshika bunduki. Mimi niliinua mikono yote miwili.

"Iko nini kule?"

"Sijue, shefu. Batu banakimbia."

"Banakimbia nani?"

"Sijue."

Akawageukia waliokuwa wakifika wakihema. "Na nyinyi, munakimbia nini?"

Muuza ndagala akaninyooshea kidole. "Tulimuona huyu anakimbia. Anasema mutoke."

Yule aliyenyolewa nusu kichwa akajishika upande wenye nywele.

Nikaanza kueleza ambreyaji. (Jaribuni kueleza ambreyaji mbele ya bunduki.) Mwanajeshi hakuniamini, akaniambia niikanyage aone. Nikakanyaga. Sauti ya upole ikatoka kiti cha nyuma.

"Furaha, ambia bwana yako atoshe kwanza ile kapeti kwenye mguu."

Nikainama. Kapeti nene, mpya, Furaha aliitandika garini jana jioni ili mama yake asione tundu la sakafuni. Imejikunja nyuma ya pedali. Tangu asubuhi pedali ilikuwa haifiki chini. Nikaivuta, nikawasha, nikakanyaga. Gia ikaingia bila hata kukohoa.

"Mama alijua?" nikamuuliza Furaha.

"Aliniambia asubuhi. Nikamujibu aache, bwana yangu iko fundi."

Wanajeshi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Watu wakacheka, wengine wakanitukana. Mama mmoja hakucheka. Alikuwa amembeba mtoto, na chungu chake kimebaki motoni. Nilimwomba radhi, na niliona aibu kwelikweli.

Tulifika Kalundu gari ikienda vizuri kuliko siku zote. Boti hakuna. Wapagazi wakatuambia nahodha alisikia watu wanakuja mbio na magodoro, akang'oa nanga kabla ya saa yake. Tuliiona mbali, ndogo, inaelekea kusini. Mama mkwe aliitazama mpaka ikapotea, hakusema neno, hata kupitia kwa Furaha. Hapo ndipo iliponiuma.

Sasa yuko chumba cha pili, anampigia binti yake simu, anamsimulia kila kitu, na nasikia shemeji anavyocheka huko Baraka hadi naogopa asije akajifungua kwa ajili yangu. Nyinyi basi nawaomba msicheke, huyo mmoja ananitosha.