Semina ya Wenye Studio, na Jinsi Nilivyompeleleza Kisigino

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Semina imeanza. Siku tano, ukumbi wa ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Wenye studio za dansi kumi na wanne, kila mmoja na mwalimu wake. Ubaoni kumeandikwa kwa herufi kubwa: KUENDESHA STUDIO YA DANSI KAMA BIASHARA. Mimi nimeiendesha yangu miaka kumi na minane kama dansi tu, na bado ipo. Lakini nimekuja. Ijumaa mkufunzi atachagua studio moja iwe kituo cha kuwafundisha walimu wapya wa mji mzima. Studio hiyo ni yangu. Bado hajajua.

Kikwazo kimoja: Kisigino naye amekuja.

Kisigino ni mwanamama mwenye studio ng'ambo ya barabara, dirisha lake linatazamana na langu. Jina nimempa mimi, kwa sababu ya viatu vyake. Vinafika kabla yake. Zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Kuzunguka bila kizunguzungu nilimfundisha mimi! Sasa ana wanafunzi sitini. Mimi nina thelathini na mmoja, na kati yao ishirini na wawili ni watoto wa darasa la shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Huu ni mwaka wa sita anafundisha watoto kwangu. Asubuhi, tukipanda ngazi, alisema ana jambo anataka tuongee. Nikamwambia tutaongea semina ikiisha. Kichwa changu kilikuwa kimejaa mikakati.

Kisigino aliniamkia mbele za watu. Shikamoo Mwalimu, na magoti kidogo. Ujanja mtupu. Alitaka ukumbi mzima ujue umri wangu.

Mkufunzi ni mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni. Aliuliza wanafunzi hutukimbia kwa nini. Wenzangu wakasema ratiba mbaya, mwalimu kuchelewa, muziki uleule. Mimi nikasema: majirani. Akaandika "majirani" ubaoni, akaweka alama ya kuuliza.

Kazi ya nyumbani: kila mtu awapigie simu wanafunzi watatu waliomwacha. Awaulize sababu. Asibishane nao.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepiga simu zote tatu.

Wa kwanza, fundi wa friji. Alisema aliondoka kwa sababu miaka miwili nilimwita kwa jina lisilo lake. Nikamweleza kwamba nilimchanganya na kaka yake. Akasema hana kaka.

Wa pili, karani wa posta. Alidhani nimefunga studio. Nikamuuliza kilichomfanya adhani hivyo. Alikuja mara tatu, akakuta kufuli. Inawezekana. Baada ya chakula cha mchana huwa najinyoosha kidogo.

Wa tatu, muuguzi. Alipopokea nikasikia muziki nyuma yake, na juu ya muziki, visigino. Nikakata simu.

Ukumbini kila mtu alisoma alichopata. Nikasoma changu: wa kwanza ana kinyongo, wa pili hana subira, wa tatu mtandao ulisumbua. Mkufunzi alinitazama muda mrefu. Nadhani nimemgusa.

Kisha akasoma shemeji. Hakupiga simu tatu, alipiga kumi na moja. Ana daftari lenye majina ya watoto wote: nani anaogopa kioo, nani goti liliteguka, nani hulia akishikwa mkono wa kushoto. Kisigino akaomba alitazame daftari. Akalifunua polepole, ukurasa mmoja mmoja, kama mtu anayesoma barua aliyoisubiri.

Hapo wazo likanijia. Zuri mno! Nikampeleka shemeji pembeni, karibu na birika la chai. Nikamwambia Kisigino amempenda, basi autumie upendo huo. Ajitolee kumsaidia jioni mbili tatu. Akiwa mle ndani atoe macho. Aniletee siri: unawashikaje watu sitini?

Shemeji aliuliza kama kweli nataka aende kwa Kisigino. Nikasema ndiyo. Akauliza tena kama nina uhakika. Nikasema sijawahi kuwa na uhakika kiasi hiki tangu nioe.

Alikuwa na uso ambao sikuuelewa. Woga wa ujasusi, bila shaka.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ripoti ya kwanza ya mpelelezi wangu. Kurasa mbili. Inasikitisha.

Kisigino huanza darasa saa aliyosema ataanza. Kila Jumatatu hukaa na walimu wake, huwauliza wanahitaji nini. Majina yao yameandikwa mlangoni pamoja na lake. Walimu huchagua muziki wenyewe.

Nikamwambia shemeji hizo si siri, ni tabia. Atafute siri zenyewe. Sakafu imepakwa nini? Vioo vimeinamishwa? Mle ndani wanakunywa nini? Alisema maji. Nikamwagiza ayaonje.

Jioni niliamua kusimamia kazi mwenyewe, kutoka dirishani kwangu, nyuma ya pazia. Niliona vizuri kabisa. Shemeji katikati ya watoto wa watu, mikono juu, anacheka. Anacheka mpaka anajishika mbavu. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo kwangu. Anaigiza vizuri, huyu binti. Ana kipaji.

Kisha Kisigino akageuka, akanipungia mkono.

Nikarudi nyuma. Pazia likarudi nami. Fimbo ya pazia nayo ikaja.

Mke wangu alinikuta sakafuni, nimefunikwa. Aliuliza nafanya nini. Nikasema napima pazia. Akauliza kama limenitosha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo ilikuwa siku ya vitendo. Kila studio ilipewa dakika kumi za kuonyesha namna inavyompokea mwanafunzi wa siku ya kwanza. Wenzangu walisalimia. Waliuliza majina. Mmoja alionyesha mahali pa kuweka viatu. Usingizi!

Mimi nilikuwa nimepanga kuingia kwa mbio na kuteleza kwa magoti hadi miguuni pa mwanafunzi, mikono imefunguliwa. Mtu akipokewa hivyo hasahau. Hesabu zilikuwa sawa. Ila asubuhi mtu wa usafi alikuwa ameing'arisha sakafu, na hakuna aliyeniarifu.

Niliteleza. Nikampita mwanafunzi. Nikampita mkufunzi, aliyepuliza filimbi. Nikasimama chini ya meza ya chai, na mgongo ukagoma palepale.

Wa kwanza kufika alikuwa Kisigino. Alivua viatu, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya meza. "Mwalimu, usijilazimishe," alisema. "Vuta pumzi hadi tumboni. Toa taratibu. Ulinifundisha mwenyewe, umesahau?" Nilikuwa navuta pumzi, lakini kwa hiari yangu.

Zilikuwa zimebaki dakika nane. Shemeji akazichukua. Sikuona alichofanya, maana kutoka chini ya meza huoni ila miguu. Nikamsikia akimwuliza kila mtu jina, akilirudia, akiliweka kwenye mdundo wa makofi. Miguu ikaanza kusogea. Ya wenye studio, ya walimu, ya mkufunzi. Ya mzee mmoja mwenye studio kule sokoni, anayetembea na mkongojo. Mkongojo nao ukaingia kwenye mdundo. Jozi ishirini na kitu za miguu, kulia, kushoto, kama mtu mmoja.

Nikafuta macho. Chini ya meza kuna vumbi jingi.

Watu walipiga makofi muda mrefu. Haikutangazwa yalikuwa ya nani. Studio ni yangu, kwa hiyo nimeyapokea.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimehudhuria nikiwa nimesimama. Kukaa siwezi.

Mkufunzi aligawa vyeti. Changu kinasema "amehudhuria". Cha shemeji kina neno zaidi. Kisha akatangaza kituo cha mafunzo: studio ya Kisigino. Na mwalimu mkuu wa kituo, kwa kauli moja ya washiriki, walioulizwa jana nikiwa chini ya meza: shemeji.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikapiga makofi kwanza, ndipo nikaelewa.

Nilimkuta ngazini. Nikamwambia amefanya kazi kubwa kuliko nilivyomtuma. Nikauliza kama sasa ataweza kuona makabati ya Kisigino.

"Shemeji," alisema, "kaa kwanza." Nikamkumbusha kuhusu mgongo. Basi tukasimama wote wawili, kila mtu kwenye ngazi yake.

"Huyo unayemwita Kisigino aliniomba nihamie kwake tangu mwezi uliopita. Nilimkatalia."

Nikamwambia vizuri sana.

"Hilo ndilo nililotaka kukuambia Jumatatu. Kwamba nimemkatalia. Na nilikuwa na maombi mawili tu kwako: darasa la watoto lianze saa kumi, maana saa tisa wanatoka shule wanahema, na jina langu liandikwe mlangoni. Basi. Nilitaka kubaki, Shemeji."

Nikauliza kwa nini hakusema.

"Ulisema tuongee semina ikiisha. Haya, imeisha. Katikati ukanituma kwake mwenyewe, kwa mdomo wako. Nikakuuliza mara mbili. Nikaenda, nikaona watu wanavyokaa."

Nikauliza kama maana yake ni kwamba ripoti zitakoma.

Alicheka. Cheko lilianza vizuri, likaishia kwenye macho. Akafuta kwa kiganja, akachukua begi langu kwa sababu ya mgongo, akanibebea hadi getini kwangu. Alisema watoto hatawahamisha. Anayetaka kubaki abaki. Kisha akavuka barabara. Nilisimama getini na begi miguuni, nikitazama mpaka akaingia.

Mpelelezi wa kweli hujulikana kwa jinsi anavyozama kwenye kazi. Huyu amezama.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Darasa la watoto, nikiwa peke yangu. Walikuja kumi na tisa.

Nilianza na historia ya mzunguko. Dakika ya nne mmoja aliniita Babu na kuuliza mwalimu yuko wapi. Nikasema mwalimu ni mimi. Wakatazamana. Nikamshika mwingine mkono nimwonyeshe hatua. Akaangua kilio. Ulikuwa mkono wa kushoto.

Ilipofika nusu saa wote walikuwa dirishani wanapunga mikono. Ng'ambo ya pili kuna mtu alikuwa anapunga pia. Nikajaribu kufunga pazia, nikakumbuka halina fimbo.

Mke wangu alikuja kuwaondoa watoto waliokuwa wanalia. Kwa kawaida haingilii mambo ya studio. Leo alinishika bega, akanigeuza kuelekea mlangoni. "Vuka barabara," alisema. "Mwambie: nimekosea, nisamehe. Maneno mawili tu, mume wangu, hata kwa mgongo huo unaweza kuyabeba."

Nikaenda. Kweli nilienda! Nilivuka. Nilipanda ngazi moja moja, nimeshika ukuta. Njiani niliyafanyia mazoezi yale maneno mawili, na yalikuwa yanatoka vizuri.

Mlangoni kwa Kisigino nikakuta majina. La shemeji lilikuwa bichi bado, rangi ya bluu, limeandikwa kwa mkono uliotulia. Nikalisoma mara kadhaa. Miaka sita, na sikujua linapendeza likiandikwa. Ndani walikuwa wanahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nikainua mkono nigonge.

Na hapo hapo, mkono ukiwa hewani, wazo likanijia.

Nikashusha mkono. Nikateremka haraka kuliko nilivyopanda. Mke wangu aliuliza kama nimesema. Nikamwambia nimepata kitu bora kuliko kusema. Aliingia jikoni, akafunga mlango.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kazi imepamba moto. Tangu asubuhi naandika matangazo kwa mkono, kwa kusimama, juu ya kabati la viatu.

Niliwaza hivi. Ni nani mji huu anayejua mwalimu huondokaje? Kisigino hajui, hajawahi kuachwa. Mkufunzi hajui, ana filimbi tu. Ninayejua kwa undani, hatua kwa hatua, ni mimi. Ujuzi wa namna hii kuufungia ndani ni dhambi.

Kwa hiyo: SEMINA KUBWA KWA WENYE STUDIO ZA DANSI. MADA: JINSI YA KUDUMU NA WALIMU WAKO. Siku tano, hapa kwangu. Mkufunzi mkuu: mimi. Siku ya kwanza, kumsikiliza mwalimu. Siku ya pili, kumsikiliza tena. Za katikati nitazijaza baadaye. Siku ya tano, vyeti.

Mke wangu alisoma tangazo hadi mwisho, akalisoma tena. Aliuliza kama nimelisoma mimi mwenyewe. Nikasema nimeliandika, nalisoma kwa nini?

Nimebandika kumi na mawili. Moja nimelipitisha chini ya mlango wa Kisigino. Kwa uungwana tu. Ana mengi ya kujifunza.

Siku ya kwanza na ya pili zinahitaji mtu anayewajua walimu, na mimi wakati huo nitakuwa na shughuli za mapokezi. Nimemwandika shemeji. Aje saa tisa kamili. Kumuuliza sijamuuliza, lakini simwoni akikataa.