Nilivyomjibu Mamluki kwa Sauti ya Mbuzi

Jamani, leo sina uso. Nawarekodia kaseti hii nikiwa nimejifungia nyumbani kwa Halidi, hapa Mutsamudu.

Halidi ni rafiki yangu aliyesomea filamu ng'ambo. Amerudi na kichekesho cha majaribio: wanyama wote wanaigizwa na watu, na hakuna anayesema neno. Akaniomba niwe mbuzi. (Alisema nina uso unaofaa. Nilidhani ananisifu.) Nikakubali kwa sharti kwamba tusirekodi Moroni, kwenye kisiwa chetu. Kule mimi ni mwalimu, na mwezi ujao naoa. Baba wa mchumba wangu ni mtu wa Badjanani, mtaa wa kale wa Moroni, mkali, kwake hata kucheka kwa sauti ni kukosa adabu.

Asubuhi tukashuka bandarini. Nikavaa ngozi ya mbuzi na pembe za karatasi, nikafungwa kamba shingoni. Nikatambaa kati ya magunia nikilia kimbuzi, wapagazi wakacheka mpaka wakatua mizigo. Nikajiona nina kipaji.

Mara kicheko kikakatika. Nikadhani nimewagusa mioyo, nikazidisha. Kisha nikaona buti mbili mbele ya pua yangu. Nikainua macho: mamluki, mmoja wa wale wazungu wa sare nyeusi wanaomlinda rais, bunduki begani. Siku hizi watu wakiwaona hao hubadili njia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti.

"Wewe ni nani?" akauliza kwa Kifaransa.

Kifaransa nakijua. (Ndicho ninachofundisha.) Nikafungua mdomo nitaje jina langu, ikatoka, "Meee."

Wallahi sikukusudia. Ilikuwa hofu.

"Nimekuuliza jina."

"Meee." (Safari hii nyembamba zaidi.)

Akaikamata kamba yangu, akawageukia watu. "Nani anamjua huyu?"

Wapagazi wakainamia magunia yao. Halidi mwenyewe alikuwa ameganda nyuma ya kamera.

Ndipo mzee mmoja akajitokeza katika abiria waliokuwa wakishuka kwenye meli ya Moroni, kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi. Mkwe wangu. Alikuja kuwaalika jamaa zake harusini. Akanitazama kwa muda mrefu, na niliona kabisa kwamba anafikiria kunikana.

"Namjua," akasema mwishowe, taratibu. "Huyu anamwoa binti yangu."

Mzungu akamtazama mzee. Akanitazama mimi. Akamkabidhi kamba.

"Pole sana, mzee," akasema, akaenda zake.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mzee alisimama pale na kamba mkononi, asijue aishike au aiachie.

"Simama, mwanangu," akaninong'oneza. "Watu wanatuona."

Nikasimama. Pembe moja ikaanguka.

Harusi haijavunjika, alhamdulillahi. Lakini Halidi amegonga mlango sasa hivi. Anasema alisahau kuzima kamera, na kwamba mzee ameigiza vizuri kuliko mimi.