Adui Katika Kiti cha Baba

Jumatatu, 2 Februari

"Mtu mzima anayesimama wima na kupiga makofi mpaka vijana wa miaka ishirini watumbukize mpira kikapuni, ndipo naye akae, huyo hana imani wala akili. Ana miguu tu." Ndivyo alivyoandika Verlin Stroud katika gazeti la mji wetu, ukurasa wa nne, juu ya tangazo la mbegu za soya.

Uongo! Tena uongo mvivu. Kwanza, kusimama mpaka kikapu cha kwanza ni desturi ya Chuo cha Wexley tangu ukumbi ulipokuwa na sakafu ya mbao mbichi. Pili, Warumi walisimama kwa ajili ya maseneta, Waingereza husimama kwa ajili ya mfalme, na sisi wa Indiana tunasimama kwa ajili ya timu yetu, Korongo, ambao angalau wanajua kulinda mpira. Tatu, Stroud alisoma Chuo cha Dunmore. Timu ya Dunmore huitwa Mabeberu. Sihitaji hoja ya nne.

Nimemwandikia mhariri kurasa sita. Mke wangu Nadine kasema mhariri huchapisha aya mbili. Nikamjibu achague mbili zozote, zote kali.

Barua ya pili ya leo si ya kuchezea. Ofisi ya michezo ya chuo inaniarifu kwamba kiti namba nane, safu F, kimekutwa kitupu michezo miwili. Kikikutwa kitupu mara ya tatu, atapewa mtu mwingine.

Kitupu! Kina kofia ya Baba. Baba alikikalia miaka arobaini na mmoja, mimi ubavuni pake katika namba saba tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, mpaka alipofariki Novemba. Kila mchezo naiweka kofia pale. Hicho wanakiita kitupu?

Kiti hakiendi popote. Nimeapa mbele ya jokofu, maana Nadine alikwisha kwenda kulala.

Jumatano, 4 Februari

Mpango wa kwanza. Koti la Baba, suruali ya Baba, miwani ya Baba, majani makavu ndani, kofia juu. Nikambeba begani hadi mlangoni. Bi Opal, anayekata tikiti pale tangu sijaota ndevu, na ndiye anayehesabu viti vitupu kwa penseli yake, aliuliza huyu nani. Nikasema ni mjomba wangu kutoka Ohio, hajisikii vizuri.

Bi Opal akamtazama mjomba. Akasema, "Lowell, mwanangu, mjomba wako anamwaga majani."

Nikasema ndiyo ugonjwa wenyewe.

Watu wakacheka mpaka foleni ikapinda. Bi Opal akaninong'oneza kwamba leo penseli yake imevunjika ncha, lakini Jumamosi atakuwa ameichonga. Mama mwema. Korongo wamefungwa. Tulisimama dakika nne nzima kungoja kikapu cha kwanza. Viganja vimevimba.

Alhamisi, 5 Februari

Nahitaji mtu anayepumua. Nadine hapana: aliapa hatakaa karibu nami tena, tangu nilipomrushia mwamuzi kiatu kikampata mpiga tarumbeta. Kumpa shabiki mwenzangu? Hatari! Shabiki akionja safu F hatoki. Leo anakaa, kesho anazoea, keshokutwa ana mto wake mwenyewe.

Saa tisa alasiri, nikisahihisha mitihani ya historia, likanijia wazo. Anayefaa kukikalia kiti cha Baba ni mtu asiyekitaka kabisa. Mtu anayekichukia. Nikacheka peke yangu. Wanafunzi wakaacha kuandika.

Nikamkuta Stroud mgahawani, anakula pai ya krimu na kusoma kitabu cha ufugaji wa nyuki. Nikamwambia anaandika juu ya ukumbi asioujua, kama mtu anayeeleza bahari kwa kuchungulia ndoo. Aje aone kwanza, tikiti ninayo.

Akafuta mdomo. "Nitakuja na sweta langu la Dunmore, mwalimu. La kijani."

Nikamwambia njoo nalo.

"Na sitasimama."

Hilo lilinichoma, lakini nikalimeza. Kwa ajili ya Baba.

Jumamosi, 7 Februari

Amekuja. Sweta la kijani, kama nzige katika dengu. Akaikuta kofia kitini, akauliza ya nani. Nikasema ya baba yangu. Nilidhani ataikalia. Akaiweka gotini, akafungua kitabu chake cha nyuki juu yake.

Filimbi ikalia. Watu elfu mbili tumesimama, tunapiga makofi. Yeye ameketi! Nyuma yetu wakaanza: "Oyaa, kijani! Miguu umeisahau nyumbani?" "Mwacheni, beberu hulala baada ya kula!" Nikaona aibu hadi masikioni.

Halafu Korongo wakafunga. Sekunde tisa! Msimu mzima hatujafunga chini ya dakika mbili. Tumeshinda kwa pointi ishirini na mbili. Bi Opal alipita na penseli, akamtazama Stroud, akaandika alama.

Jumapili, 8 Februari

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiri. Mchezo ule ule, vijana wale wale, kocha yule yule. Kilichobadilika ni kimoja: Mdunmore, mwenye kijani, ameketi namba nane wakati wote tumesimama. Nadine anasema huenda vijana wamefanya mazoezi. Mazoezi! Tangu lini?

Jambo halithibitiki mpaka lijirudie. Lazima arudi. Lakini Stroud kasema mara moja yamtosha, atatunza masikio yake.

Basi nitamtukana.

Jumatano, 11 Februari

Gazeti la jana lilichapisha aya zangu mbili. Nimemwita Stroud mwoga aliyekimbia hoja baada ya mchezo mmoja, mfuga nyuki anayeogopa kelele. Leo alifika kabla yangu! Sweta lile lile. Uso mwekundu. Akasema amekuja kunionyesha nani mwoga, akajibwaga kitini kama gunia la chumvi. Nikamsihi asithubutu kusimama hata kwa bahati mbaya. Akasema hahitaji ruhusa yangu kukaa.

Sekunde saba. Ushindi.

Sasa kiti kina mtu na timu ina kinga. Ndege wawili kwa jiwe lenye sweta.

Jumamosi, 14 Februari

Nilimweleza Nadine kwamba Siku ya Wapendanao nitakuwa na Stroud. Akasema nimpelekee maua. Kejeli haimpendezi.

Sekunde kumi na moja. Ushindi wa tatu mfululizo. Lakini nimeona mambo ya kutisha. Dakika ya kumi, mguu wa Stroud unapiga sakafu kwa kufuata tarumbeta. Kipindi cha pili, kitabu cha nyuki amekishika juu chini. Kisha mwamuzi akatunyima adhabu ya wazi, na nikasikia kwa masikio yangu haya: "We mwamuzi, macho umekodisha?"

Nikamgeukia. Akakohoa. Akasema ni bisi, imempalia.

Akaniuliza pia, kana kwamba hajali, yule mfupi namba kumi na moja yuko mwaka wa ngapi.

Mungu wangu. Anaipenda.

Jumatatu, 16 Februari

Barua ya ofisi: kiti namba nane kimethibitika kukaliwa, hakitaondolewa. Ushindi! Chini kuna maneno madogo kwamba fomu ya msimu ujao itatumwa kwa jina la anayekikalia. Utaratibu wa makarani. Sikuupa nafasi kichwani, nina vita vya kupigana. Jumamosi tunacheza na Dunmore wenyewe, mshindi anachukua ubingwa, na chuki ya Stroud inavuja kama ndoo mbovu.

Nimeandika gazetini kwa jina la bandia, "Mpenda Utulivu", kumsifu Stroud na kumhimiza asilegeze kamba. Pia nimemwachia kibarazani vitabu vitatu vya wanafalsafa waliodharau michezo.

Ijumaa, 20 Februari

Kavirudisha. Kapigia mstari sehemu wanazokosea. Pembeni kaandika: "Huyu hajawahi kukaa safu F."

Sikupata usingizi.

Jumamosi, 21 Februari

Naandika nikiwa na barafu kiwikoni.

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Nikafika safu F. Namba nane palikuwa na mtu mwenye fulana ya buluu ya Korongo, mpya, mikunjo ya dukani bado ipo. Kichwani kofia ya Baba, niliyoisahau gotini pake Jumamosi. Amesimama! Anapiga makofi!

Nikamwambia akae.

"Kukaa? Desturi ni desturi, kaka."

Kaka! Juzi nilikuwa mwalimu. Nikamuuliza sweta liko wapi. Akasema amelitoa kanisani kwa wenye shida. Nikamwambia mwenye shida ni mimi. Nikamweleza yote: sekunde tisa, saba, kumi na moja. Nikamkumbusha alivyoandika mwenyewe kwamba anayesimama hana akili. Akasema mtu hukua.

Dakika ya kwanza, hakuna kikapu. Ya pili, hakuna. Ya nne, Mabeberu kumi na moja, sisi sifuri. Mpira ulikuwa unazunguka ukingo wa kikapu na kutoka kama paka aliyemwagiwa maji. Mikono inaungua, elfu mbili tumesimama, na wale wa kijani ng'ambo wanatuimbia: "Mtakaa lini? Mtakaa lini?"

Nikamsihi. "Bwana Stroud, kwa heshima ya marehemu, kaa."

"Hapa hakai mtu!"

Kumi na tatu, sifuri. Nikamshika mkanda, nikamvuta chini. Akang'ang'ania kiti cha mbele. Tukaanguka wote, bisi ikamwagikia bibi wa safu E, kofia ya Baba ikabingirika. Bi Opal akaja mwenyewe. Hakupaza sauti. Akasema, "Lowell, mwanangu, hata yule mjomba wa majani alijua kukaa na watu." Akaniongoza nje kwa kiwiko, kile kile kinachouma.

Mlango ulipofungwa mgongoni mwangu, ukumbi ukalipuka. Kikapu cha kwanza.

Mchezo uliobaki niliusikilizia nje ya ukumbi, kando ya mashine ya bisi. Sikukaa. Nilikuwa sijaona kikapu, na mtu asiyeona kikapu hana haki ya kukaa. Tumeshinda kwa pointi mbili. Mabingwa!

Stroud alitoka akinitafuta. Machozi mashavuni, kofia mkononi, ameipangusa. Akanisimulia kila kikapu, mpaka watu wa usafi wakatuzimia taa. Anasimulia vizuri, mbwa huyu. Baba alikuwa anasimulia hivyo hivyo, kwa mikono yote. Kisha akasema nisiwe na wasiwasi kuhusu kiti, fomu ya mwakani imemfikia, ameshaijaza kwa jina lake na kuirudisha. "Na kofia itakuwa inakaa na mimi mchezo mzima. Nisipokuwa nimesimama."

Jina lake! Kiti cha Baba!

Jumapili, 22 Februari

Nadine ameniwekea kahawa na kuniuliza kwa upole kama sioni. Nilipokuwa ndani, kumi na tatu kwa sifuri. Nilipotoka, kikapu. "Lowell, mpenzi, mwenye kisirani nani?"

Hoja dhaifu. Nimempigia Stroud simu kupata ushahidi. Amekiri kwamba nilipokuwa natolewa aliinama kuokota kofia. Nikambana: uliinama vipi? Akasema ilikuwa chini kabisa, ilibidi aketi kidogo. Aliketi! Makalio yaligusa namba nane, mpira ukaingia! Nadine aliondoka mezani kabla sijamaliza kuchora mchoro.

Stroud kasema nikitaka ataniachia kiti. Nimekataa. Akiondoka nani ataketi? Lakini mwenye fulana ya buluu hafai kitu. Kwa hiyo kesho barua hii itakuwa mezani kwa mhariri wa Dunmore, na safari hii hakuna kukata aya:

Nyinyi watu wa Dunmore, mliosoma darasa moja na Verlin Stroud, mnaosema mnapendana kama ndugu. Mwenzenu amepotea, na mmekaa kimya. Mkumbusheni alikotoka. Mwandikieni, mpigieni simu, mwimbieni wimbo wenu dirishani ikibidi. Na kabla msimu mpya haujaanza Novemba, mleteeni sweta la kijani, saizi kubwa, lenye beberu kifuani. Naye akikataa kulivaa, basi nileteeni Mdunmore mwingine: mzima, mkaidi, na anayejua kukaa.