Nilivyomzika Mama kwa Viboksi

Leo nimeaibika mpaka simu yangu naiogopa. Niko hapa saluni, Kitale, nimejificha nyuma ya mashine ya kukausha nywele.

Mnajua nimeanza kuchora picha za viboksi, kama zile za michezo ya zamani ya TV. Unajaza kiboksi kimoja kimoja kwa simu mpaka sura itokee. Nimechora kikombe. Nimechora mshumaa. Nimechora kuku (watu walisema ni buti).

Jana nikaamua kumchora Mama. Mama yuko Bungoma, mzima, analima. Sijawahi kumpa kitu nilichotengeneza kwa mikono yangu, na hilo limekuwa likiniuma. Anayeanza hushauriwa atumie rangi chache, basi nikatumia nyeusi, nyeupe na kijivu. Kitambaa chake cha kichwa kikatokea. Tabasamu lake la kufunga mdomo likatokea! Kando kukabaki nafasi, nikaweka mshumaa wangu. (Ndio kitu pekee ninachochora vizuri.)

Asubuhi nikaituma kwa grupu ya ukoo. Sikuandika neno, nilitaka picha ijisemee. Nikatia simu kwa droo, nikaanza kumsuka mteja.

Sasa niambieni, watu wa kwetu. Picha ya mama mzee, haina rangi, ina mshumaa, haina maneno, imetumwa asubuhi na mapema na kifungua mimba wake. Nyinyi mngeelewa nini?

Saa tano nikafungua droo. Mjomba alikuwa ameshafungua grupu ya mipango ya mazishi, na katibu ni mimi. Binamu wa Ndalu alikuwa amejitolea hema na viti. Senge, shangazi yangu wa Chwele, aliacha ndizi zake sokoni, akapanda boda akilia njia nzima. Alipofika kwa Mama akajitupa chini langoni. Mama akatoka na jembe.

"Mulamwa, wifi yangu, nani amekufa?"

"Si ni wewe!"

Mama akanipigia kwa simu ya Senge.

"Nekesa, ati umeniua?"

"Mama, hiyo ni sanaa tu."

"Sanaa gani iko na mshumaa?"

(Nikamwambia nimeshachora hata kuku. Haikusaidia.)

Mama akasema polepole, "Nimesoma vile wameandika. Ati nilikuwa na roho safi. Ati nililisha watoto wa kila mtu. Huyo mjomba wako hajawahi kuniambia hata asante ya chai. Si wangeniambia nikiwa hapa, bana?"

Kicheko kikaniisha. Nilikuwa nimeutazama uso wake jana, kiboksi kwa kiboksi, kuliko nilivyoutazama miaka yote, na bado sikuwa nimempigia kumwambia ninampenda. Nikamwambia hapo hapo, mteja akisikia. Nikalia kwa nywele zake.

"Haya, nyamaza," Mama akasema. "Picha ni nzuri. Lakini kitambaa changu ni cha kijani. Nitie rangi, halafu Jumapili uilete wewe mwenyewe."

Mshumaa nimeufuta. Grupu ya mazishi nayo haijafungwa, kwa sababu Mama amekataa kurudisha simu ya Senge. Anasoma sifa zake.

Msicheke, tafadhali. Mwenye neno zuri aliandike sasa hivi, marehemu yuko onlaini.